Ekzosi ya vani kuukuu inayonguruma na kuvujisha moshi: namna ya kuitengeneza

Bomba la mbele la ekzosi ya vani yangu lilipasuka mara tatu mahali palepale, kwenye shingo inayoungana na manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini. Mara tatu likachomelewa, na mara tatu ngurumo ikarudi baada ya wiki chache. Mara ya nne nilifunua kiti cha abiria, maana injini ya gari hilo iko chini ya viti vya mbele, nikamwomba mwanangu akanyage mafuta kidogo kidogo huku nikiangalia. Kila akikanyaga, injini nzima ilikuwa inalala upande mmoja na kulivuta lile bomba. Mauntingi moja, yaani raba inayobeba injini, ilikuwa imechanika. Bomba halikuwa na kosa lolote. Tulikuwa tunaziba ufa bila kuuliza umeletwa na nini.

Kwa hiyo mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye kutafuta kabla ya kufika kwenye kufunga. Kazi ya spana yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida. Kazi ngumu ni kujua hasa moshi unatokea wapi, na kwa nini chuma kimechoka hapo na si kwingine.

Kwanza, moshi ulio ndani ya gari

Kelele inaudhi, lakini haiui. Kaboni monoksidi inaua. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, hadi mwili unakosa hewa wakati mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ukiona abiria wawili wanalalamika kichwa kwenye safari moja, usidhani ni uchovu. Simamisha gari, zima injini, watoe wote nje wapate hewa, na aliyezidiwa apelekwe hospitali.

Vani ziko kwenye hatari zaidi kuliko magari madogo kwa sababu mbili. Mgongo wake ni bapa, hivyo gari likikimbia, hewa ya nyuma yake hujizungusha na kuurudisha moshi kwenye mlango wa nyuma. Raba ya mlango huo ikiwa imechoka, moshi unaingia. Pili, vani nyingi za zamani, kama Toyota Hiace na Mitsubishi L300, zimewekwa injini chini ya viti vya mbele, na kinachomtenganisha dereva na manifoldi ni kifuniko cha bati na raba yake. Ufa mdogo pale mbele ni mbaya kuliko tundu kubwa kwenye sailensa ya nyuma, ijapokuwa lile la nyuma ndilo linalopiga kelele mtaa mzima.

Mpaka utakapolitengeneza, usiliendeshe ila kwa lazima. Ukilazimika, fungua madirisha ya mbele, funga mlango wa nyuma kabisa, usiwashe injini gari likiwa limesimama kwenye banda, na usimlaze mtoto nyuma.

Hatua ya 1: Sikiliza gari likiwa limelala

Wakati mzuri ni asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Iwashe mahali pa wazi, kisha zunguka gari polepole.

Mlio wa tik-tik-tik mbele, unaokwenda na kasi ya injini, kwa kawaida ni gasketi ya manifoldi (pakingi inayoziba kiungo chake), stadi iliyokatika (boliti isiyo na kichwa inayoishika manifoldi), au manifoldi yenyewe imepata ufa. Mlio huu una hila: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ule mwanya, mlio unapotea, na mwenye gari anasema limepona. Halijapona. Ndiyo maana ukilipeleka gari kwa fundi baada ya kulizungusha nusu saa, anaweza asisikie kitu.

Ngurumo nzito, kama ya trekta, hutoka kwenye tundu la bomba la katikati au la sailensa. Pumzi ya "fss-fss" hutoka kwenye kiungo au kwenye fleksi, kile kipande chenye nyuzi za chuma kinachojipinda. Bomba linalogonga bodi unapopita kwenye matuta limekatika raba ya kuning'inizia. Na kama unasikia bati likitetemeka kwa mwendo fulani tu wa injini, usianze kununua sailensa: gonga kwanza bati la kuzuia joto, lile jembamba lililofungwa juu ya bomba. Skrubu zake huliwa na kutu, likabaki linacheza. Klampu moja ndefu ya kuzungusha hulishika na kelele zikaisha. Nimeona watu wakibadilisha ekzosi nzima kwa ajili ya bati hilo.

Kelele ya vitu vinavyobiringika ndani ya sailensa au ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, ni jambo jingine. Kuta za ndani zimevunjika, na vipande vinaweza kuziba njia ya moshi. Ikiwa gari pia limekosa nguvu mlimani, hapo hakuna cha kuziba. Kifaa hicho kinabadilishwa.

Hatua ya 2: Inua gari kwa usalama

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Egesha mahali pagumu na tambarare, weka gia, vuta hendibreki, ziba tairi zinazobaki chini kwa vipande vya mbao au mawe mazito mbele na nyuma. Inua, weka stendi za chuma chini ya fremu au ekseli, shusha gari likalie stendi, kisha lisukume kwa nguvu kwa mikono. Kama litatikisika, litikisike sasa, wewe ukiwa nje. Kwa vani iliyo juu kiasi, kupanda kwenye rampu mbili kunatosha.

Vaa miwani ya kazi. Hili si pendekezo la hivi hivi: unapolala chali na kuligonga bomba la zamani, magamba ya kutu yanadondoka usoni moja kwa moja. Na subiri ekzosi ipoe kwa saa moja au mbili. Manifoldi ikifanya kazi nzito inaweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na chuma kilichopoa kwa macho bado kinaweza kuchuna ngozi.

Hatua ya 3: Tafuta tundu, halafu tafuta sababu

Anza na macho. Masizi ni shahidi mwaminifu: panapovuja pana doa jeusi, mara nyingi lenye umbo la feni, likianzia kwenye mwanya na kutawanyika kuelekea moshi unakopulizwa. Fuata bomba kutoka manifoldi hadi mdomo wa nyuma, ukipitisha taa juu na chini. Sehemu ya juu, isiyoonekana ukiwa umelala, ndiyo inayosahaulika. Tumia kioo kidogo.

Kisha gonga kwa nyundo ndogo, polepole. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mdundo mfu, na wakati mwingine nyundo inazama. Pale penye mashaka, bonyeza kwa ncha ya bisibisi.

Usipoona kitu, tumia hewa. Injini ikiwa imezimwa, chukua mashine ya kufyonza vumbi yenye upande wa kupuliza, ingiza mpira wake kwenye mdomo wa bomba la nyuma, zungushia tambara, washa. Pulizia au paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Mapovu yatakuonyesha. Kama huna mashine hiyo, msaidizi aliyevaa glovu nene anaweza kuuziba mdomo wa nyuma kwa tambara kwa sekunde chache injini ikiwa imewashwa, na wewe ukisikiliza kutoka pembeni, si chini ya gari. Kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mita moja, ncha moja sikioni na nyingine ukiipitisha karibu na viungo, hukuelekeza vizuri sana.

Jambo moja la kuachwa lilivyo: sailensa nyingi zina kitundu kidogo sana upande wa chini kilichotobolewa kiwandani. Ni cha kutolea maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Ekzosi ikiwa baridi mvuke huo unageuka maji na kutuama kwenye sailensa. Gari linalokwenda safari fupi tu halipati moto wa kutosha kuyakausha, ndiyo maana sailensa yake huoza kutoka ndani huku nje rangi ikiwa bado nzuri. Ukikiziba kitundu hicho unaifanya kuwa ndoo.

Sasa uliza sababu. Kama chuma kimekuwa chembamba kote, ni kutu na umri, hakuna siri. Lakini kama bomba zima limekatika kwa mstari safi karibu na flanji, yaani bamba la kuungia mabomba kwa nati, kuna kitu kinalivuta. Hesabu raba zote za kuning'inizia, uone ipi imechanika au imerefuka. Angalia mauntingi za injini. Shika bomba la nyuma kwa mkono ulitikise: linapaswa kucheza kidogo na kurudi, si kuning'inia wala kukazana kama limefungwa kwa waya. Na kama mtu aliwahi kulifunga kwa waya mgumu badala ya raba, umeshampata mhalifu. Injini inahitaji kutikisika. Raba inaipa nafasi, waya unaihamishia mtikisiko wote kwenye shingo ya bomba.

Hatua ya 4: Amua kuziba, kuunga au kubadilisha

Sementi ya ekzosi na bandeji yake ni kwa vitundu vidogo kwenye chuma ambacho bado kina mwili, na kwa viungo vinavyopumua kidogo. Safisha kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka, zungushia bandeji, kaza kwa klampu, kisha washa injini dakika 10 hadi 15 bila kuendesha ili ikauke kwa moto. Ni ya kukufikisha, hata ikadumu miezi kadhaa, lakini usiihesabu kama matengenezo ya kudumu.

Haifai kabisa kwenye fleksi. Fleksi inajipinda kila sekunde na sementi ni ngumu, itapasuka siku hiyo hiyo. Haifai kwenye ufa wa manifoldi pia, wala kwenye bomba ambalo bisibisi inatoboa popote unapogusa.

Tundu likiwa kwenye bomba lililonyooka, na pande zote mbili chuma ni kizima, kata kipande kibovu na uunge. Sailensa iliyooza kwenye mshono wake ibadilishe, kwani mshono mmoja ukiachia, ule wa upande wa pili uko karibu.

Hatua ya 5: Kulegeza nati zilizoshikwa na kutu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na zinaharibika kwa haraka. Stadi ikikatika kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kazi ya mchana mmoja inakuwa ya siku tatu.

Safisha uzi unaoonekana kwa brashi ya waya. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, na gonga kichwa cha nati kwa nyundo kidogo kidogo ili mafuta yapenye. Tumia soketi ya pembe sita inayokaa barabara, si ya pembe kumi na mbili, na si spana inayorekebishwa. Jaribu kwanza kuikaza kwa unywele mmoja, kisha ilegeze. Ikikubali robo zungushi, irudishe, ongeza mafuta, toka tena. Utasikia mlio mkavu wa kukwaruza ukigeuka kuwa laini, hapo umeishinda. Ikianza kuhisi laini kama inanyooka bila mlio, simama: chuma kinajisokota na kinakaribia kukatika.

Joto husaidia sana. Elekeza moto wa gesi kwenye nati, si kwenye stadi, hadi iwe nyekundu kwa mbali, kisha ilegeze kabla haijapoa. Fanya hivyo pale tu ambapo hakuna bomba la mafuta, tangi, waya au mpira wa breki karibu, na mafuta ya kunyunyizia yawe yamefutwa kwanza. Kizima moto kiwe mkononi mwa msaidizi, si ndani ya gari.

Nati za klampu na za flanji za katikati usizihurumie. Zikate kwa grenda au msumeno wa chuma. Mpya zitakuja na kazi. Cheche za grenda zielekeze mbali na tangi.

Hatua ya 6: Kuunga kipande kipya

Unahitaji kujua kipenyo cha nje cha bomba. Kama huna kalipa, zungushia ukanda wa karatasi kwenye bomba lililosafishwa, weka alama unapokutana, unyooshe na upime, kisha gawanya kwa 3.14. Ukanda ukiwa na milimita 157, bomba lako ni la milimita 50. Fanya mara mbili, kwa sababu kutu iliyobaki huongeza milimita moja au mbili na kipande cha kuvalishia hakitaingia.

Kata bomba kwa mkato ulionyooka, sawasisha kingo kwa tupa, ondoa vumbi la chuma ndani. Kipande cha kuvalisha kiende angalau sentimita 4 juu ya chuma kizima kila upande. Paka sementi ya ekzosi nyembamba kwenye ncha, sukuma, funga klampu kila upande. Klampu za umbo la U hubana hadi bomba linabonyea, na siku ya kulifungua utalazimika kukata. Zile bapa pana zinashika mzunguko wote na kuziba vizuri zaidi, kwa hiyo mimi huzichagua hizo pale ninapozipata.

Ukichomelea, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki, maana zinki ikiungua hutoa moshi unaomwumiza mchomeleaji. Na usichomelee juu ya kutu: chuma cha kuchomelea kinashika kutu, na kutu haijashika chochote.

Hatua ya 7: Gasketi ya manifoldi na ya flanji

Gasketi iliyokwisha kubanwa hairudishwi, hata ikionekana nzima. Kwangua nyuso zote mbili hadi ziwe safi, bila kuzichimba. Weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi uangalie mwanga chini yake; manifoldi iliyopinda itakata gasketi mpya ndani ya wiki chache, na inapaswa kusawazishwa kwa mashine kabla ya kurudi.

Nati ziwe mpya, za shaba au zilizopakwa shaba kama zinapatikana, kwani haziliwi na kutu zikashikamana na stadi. Zikaze kwa mikono zote, kisha kwa spana kwa awamu mbili au tatu, ukianzia katikati ya manifoldi na kutoka kuelekea ncha. Ukianza upande mmoja hadi mwingine, unaipinda mwenyewe. Kipimo cha mkazo kiko kwenye kitabu cha gari, kifuate.

Kama gari lina sensa ya oksijeni, kifaa kwenye ekzosi kinachoiambia kompyuta ya injini kiasi cha oksijeni kwenye moshi, usiidharau sehemu hii. Mwanya ulio kati ya injini na sensa hauvujishi tu. Kati ya pumzi moja ya injini na nyingine unafyonza hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kudhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta, na gari linakula kuliko kawaida bila sababu inayoonekana.

Hatua ya 8: Kupanga na kukaza

Badilisha raba za kuning'inizia zote kwa pamoja. Paka maji ya sabuni na zitaingia bila vita. Usitumie grisi, huozesha raba.

Ning'iniza ekzosi nzima kwanza, nati zote zikiwa legevu. Zungusha sailensa hadi ikae sawa, hakikisha kuna sentimita 2 au 3 kati ya bomba na bodi, tangi, mpira wa breki na waya. Kumbuka ekseli ya nyuma hupanda gari likibeba mzigo, kwa hiyo bomba linalopita juu yake liachiwe nafasi zaidi. Mdomo wa nyuma utokeze nje ya bodi kikamilifu. Ukiishia chini ya sakafu, moshi utatafuta njia ya kuingia ndani. Kisha kaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Ukikaza kiungo huku bomba likiwa limevutwa kwa nguvu kufika mahali pake, umeweka mvutano uleule utakaolikata.

Hatua ya 9: Jaribu

Washa nje. Moshi mwepesi na harufu ya rangi na sementi kwa dakika chache ni kawaida. Rudia maji ya sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto. Kisha funga madirisha, endesha kwa muda mfupi ukiwa na mtu mwenye pua nzuri nyuma. Kipima kaboni monoksidi cha betri kikiwekwa ndani siku hizo za mwanzo kitakuambia kile ambacho pua haiwezi.

Baada ya kilomita 100 hivi, gari likiwa baridi, pitia nati zote tena. Gasketi mpya hujikalia na nati hulegea kidogo. Futa kila kiungo kwa kitambaa cheupe: ukiona masizi mapya, usiikaze nati kwa hasira. Fungua kiungo hicho, angalia kama bomba linaruka kando unapolilegeza, na kama linaruka, rudi kwenye raba na mauntingi kabla ya kuweka gasketi nyingine.